Saa ya Kifahari ya Mzamiaji: Kuichagua, Kuivaa Majini na Kuitunza

Mwenye saa mpya ya kuzamia hukuonyesha kwanza yale maandishi madogo yaliyo usoni mwake: mita 300, mita 600, mita 3,900. Ni namba tamu kuzitamka. Ila mzamiaji wa burudani hufundishwa kutovuka mita 40, na saa nyingi ninazozijua zilizokufa kwa maji zilifia juu kabisa: bwawani, bafuni, au kwenye beseni la vyombo. Kina hakikuhusika. Kilichoziua ni kichwa kilichosahauliwa bila kukazwa, au mpira wa kuzibia uliokauka miaka kumi ndani ya kasha bila mtu kuuangalia.

Kwa hiyo humu nitakaa zaidi kwenye kuzibwa kwa saa na kwenye matumizi ya pete yake. Fahari ya majina nitaipita haraka, maana wauzaji huieleza bila kuombwa.

Kabla ya kuanza, tuelewane majina. Kasha ni mwili wa saa. Pete ni duara linalozungushwa kandokando ya kioo. Kichwa ni kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo na kurekebishia mishale. Mipira ni zile oringi nyembamba zinazozuia maji kwenye kila mlango wa kasha: chini ya mfuniko wa nyuma, kuzunguka kioo, na kwenye shingo ya kichwa. Mashine ni kila kitu kinachotembea ndani. Katika saa za daraja hili mashine haina betri. Inaendeshwa na springi iliyokunjwa, na kwa kawaida ni otomatiki, yaani kuna kipande kizito cha nusu duara kinachoyumba mkono unapotembea na kuikunja springi hiyo upya.

Saa hizi zilitoka wapi

Rolex walitoa kasha la Oyster mwaka 1926, lililofungwa kwa nyuzi za skrubu kila upande, na mwaka uliofuata muogeleaji Mercedes Gleitze akaingia nayo kwenye maji ya baridi kali ya mlango bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Omega wakaja na Marine mwaka 1932. Hizo zilikuwa saa za kuvumilia maji. Saa ya kufanyia kazi chini ya maji ilikamilika mwaka 1953, Blancpain walipotoa Fifty Fathoms, jina linalotaja pima 50 za kibaharia, karibu mita 91. Mkuu wa kampuni, Jean-Jacques Fiechter, alikuwa mzamiaji mwenyewe na aliwahi kuishiwa hewa chini kwa kupoteza hesabu ya muda. Robert Maloubier na Claude Riffaud wa kikosi cha wazamiaji wa jeshi la Ufaransa nao walikuwa wakitafuta saa yenye uso mweusi, alama kubwa zinazong'aa na pete ya kuhesabia dakika. Haja hizo mbili zikakutana. Mwaka huohuo ndipo Submariner ya Rolex na Sea Wolf ya Zodiac zilipozaliwa, na umbo la saa ya mzamiaji halijabadilika sana tangu hapo.

Ninayasimulia haya kwa sababu moja. Saa hii ilibuniwa ili kuhesabu dakika ulizobakiwa nazo za hewa. Ukiikagua, ikague kwa jicho hilo.

Hatua ya 1: Elewa namba ya kina inaahidi nini

Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo linalokaribia uzito mzima wa hewa iliyo juu yetu, takriban baa 1. Chukua kioo chenye kipenyo cha milimita 30. Kwenye mita 30 kinabanwa kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 21 hivi. Kwenye mita 300 mzigo huo unavuka kilo 200, juu ya kioo kisichozidi ukubwa wa mfuniko wa chupa. Ndiyo maana saa za kina kirefu ni nene: si mapambo, ni ukuta.

Sasa, kuna uvumi wa miaka mingi kwamba kurusha mkono majini kunaongeza shinikizo kiasi cha kuvunja saa ya mita 50. Piga hesabu uone. Mkono ukikata maji kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, kasi ambayo waogeleaji wachache wataifikia, nyongeza ni kama mita moja na robo ya kina. Basi. Sababu ya kweli ya kutoipeleka saa ya kawaida kuzamia ni nyingine: saa zilizoandikwa tu kwamba hazipitishi maji hufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 22810, ambacho kinaruhusu kiwanda kupima chache kwa niaba ya nyingi. Saa ya mzamiaji hufuata ISO 6425, na hapo kila saa hupimwa moja moja.

Kiwango hicho kina mambo unayostahili kuyajua, kwa kuwa ndicho unacholipia. Kina cha chini kinachokubalika ni mita 100. Saa hubanwa kwa asilimia 125 ya kina kilichoandikwa, kwa hiyo ile ya mita 200 imeshapitia shinikizo la mita 250. Muda lazima usomeke gizani kutoka umbali wa sentimita 25, na lazima kuwe na alama inayoonyesha kwamba saa inatembea, ndiyo sababu mshale wa sekunde nao una kitone kinachong'aa. Kuna kipimo cha maji ya chumvi, cha sumaku, cha mtikisiko, na cha kuhamishwa ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi. Saa iliyofaulu inaruhusiwa kuandikwa kwamba ni ya mzamiaji pamoja na kina chake. Kampuni nyingine kubwa hutumia vipimo vyao vya ndani vinavyolingana na hivi au kuvizidi bila kuandika neno hilo usoni, hivyo kukosekana kwake si dosari. Muulize muuzaji imepimwa kwa lipi.

Na hapa ndipo watu wengi hupotea. Namba ile ni cheti cha siku saa ilipotoka kiwandani. Chuma kitadumu na kioo kitadumu. Mpira unazeeka hata saa ikiwa kabatini. Saa ya mita 600 yenye mipira mikavu ni dhaifu kuliko ya mita 100 iliyopimwa mwezi uliopita.

Hatua ya 2: Chagua kina kinachokufaa, na ujue gharama yake mkononi

Mita 200 au 300 zinamtosha mzamiaji yeyote wa burudani na ziada nyingi ikabaki. Ukipanda juu ya hapo unanunua uhandisi, na uhandisi una uzito. Tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walishuka hadi sakafu ya shimo la Mariana, karibu mita 10,900, ndani ya chombo Trieste, na nje ya chombo ilifungwa saa ya majaribio ya Rolex iliyorudi inatembea. Leo unaweza kununua Deepsea Challenge ya Rolex iliyotoka mwaka 2022, inayofika mita 11,000: kipenyo milimita 50, unene milimita 23, kioo chenye unene wa milimita 9.5, na uzito wa gramu 251 ingawa ni ya titani. Ni kazi ya kustaajabisha. Kuivaa chini ya mkono wa shati ni jambo jingine. Omega nao, baada ya safari za mvumbuzi Victor Vescovo za kushuka vilindi vya bahari mwaka 2019, waliuza Ultra Deep ya mita 6,000 yenye milimita 45.5, ambayo mkono mnene unaweza kuibeba.

Kisha kuna vali ya heliamu, kitu kinachouzwa sana na kueleweka kidogo. Wazamiaji wa visima vya mafuta huishi siku nyingi ndani ya chumba chenye shinikizo kubwa, wakipumua hewa iliyochanganywa na heliamu. Chembe za heliamu ni ndogo mno, hupenya polepole kwenye mipira hata chumbani pakavu. Shinikizo la chumba likipunguzwa ili watoke, heliamu iliyo ndani ya saa haiwahi kutoka, na kioo hufyatuka kama kizibo. Rolex kwa kushirikiana na Comex, kampuni ya uzamiaji ya Ufaransa, pamoja na watengeneza saa Doxa, walitatua shida hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vali ndogo ya upande mmoja. Seiko walichukua njia tofauti. Mwaka 1968 mzamiaji wa mji wa Kure, Japani, aliwaandikia barua ya malalamiko, nao wakatumia miaka saba kujibu: mwaka 1975 wakatoa saa ya titani ya mita 600 ambayo mipira yake inaizuia heliamu isiingie kabisa, hivyo hakuna haja ya vali.

Kama huishi kwenye chumba cha namna hiyo, vali haikusaidii lolote. Haina madhara, ila ni tundu moja zaidi la kuzibwa. Na ikiwa yako ni ya kufunguliwa kwa mkono, iache imefungwa maisha yako yote.

Hatua ya 3: Ikague kwa vidole

Anza na pete. Izungushe. Inapaswa kwenda upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale, kwa mibofyo inayosikika na kushikika, na pembetatu ya sifuri isimame sawasawa na alama ya 12. Ikicheza kwenda na kurudi hata nusu dakika, uliza. Kisha irudie ukiwa umelowesha vidole, na kama una glavu za kuzamia, zivae. Pete nyingi maridadi za kauri inayong'aa zina meno madogo mno yasiyoshikika kwa mkono wenye maji, kasoro ambayo huwezi kuiona dukani ukiwa na mikono mikavu. Kauri haikwaruziki wala kupauka, lakini ikipigwa vibaya hupasuka. Alumini ya zamani hukwaruzika na kupauka, na wengine wanaipenda kwa hilohilo.

Halafu kichwa. Kifungue, uhesabu mizunguko, kisha ukifunge. Njia sahihi ni kukisukuma ndani taratibu, kukirudisha nyuma kidogo mpaka usikie nyuzi zimekaa mahali pake, ndipo ukaze mbele bila nguvu nyingi. Kikikwama, usilazimishe, nyuzi zikipandana umeharibu shingo, na shingo ndiyo mlango mkuu wa maji.

Kioo cha saa hizi ni yakuti samawi ya kutengenezwa, yenye ugumu wa 9 kwenye kipimo cha Mohs, karibu na almasi. Funguo na mchanga wa kawaida haviikwaruzi. Angalia kama kimepakwa dawa ya kuzuia mwakisiko wa mwanga, na upande gani: ikiwa nje, dawa yenyewe hukwaruzika ingawa kioo hakikwaruziki.

Omba uingie nayo chumba cha giza. Alama zinazong'aa siku hizi hutumia poda isiyo na mionzi, kama Super-LumiNova, inayohifadhi mwanga na kuurudisha. Kinachotakiwa ni kutofautisha mishale kwa mtazamo mmoja. Mshale wa dakika ndio wa kwanza kwa umuhimu, wa saa hauna kazi kubwa chini ya maji. Baadhi ya saa za Omega huupa mshale wa dakika na kitone cha pete rangi ya kijani huku vingine vyote vikiwa bluu, na huo ni mfano mzuri wa kufikiri kama mzamiaji.

Mkanda una siri yake. Suti ya kuzamia imejaa viputo vya gesi, na kadiri unavyoshuka inabanwa na kuwa nyembamba, hivyo mkanda uliobana juu unalegea chini na saa inazunguka mkononi. Ndiyo maana mikanda ya mpira ya Seiko ya miaka ya 1970 ina mikunjo kama ya kinanda cha mkono, inayofuata suti inaponywea. Pelagos ya Tudor ina springi ndani ya kifungio inayofanya kazi hiyohiyo, na Rolex wana kifungio cha kuteleza kwa hatua za milimita 2. Mkanda wa kitambaa unaopita chini ya kasha zima una faida nyingine: pini moja ikikatika, saa inabaki imeshikwa na ya pili. Mkanda wa ngozi uache nyumbani.

Kuhusu kipimo cha mkono, usitazame kipenyo peke yake. Pima urefu kutoka ncha ya pembe moja ya kasha hadi nyingine, zile zinazoshika mkanda. Zikivuka upana wa mkono wako, saa itaning'inia pembeni hata ikiwa ya milimita 40.

Mashine nitaisema kwa ufupi. Cheti cha kronomita cha COSC, ofisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu saa kukosea kati ya sekunde 4 nyuma na 6 mbele kwa siku. Rolex wanadai ndani ya sekunde 2 kila upande. Zile za Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, hazirudi nyuma kabisa, na huenda mbele sekunde 5 tu, na huhimili sumaku ya gausi 15,000. Kwa kuzamia kwenyewe tofauti hizi hazina uzito. Kwa maisha ya kila siku, katikati ya spika, simu na vifungo vya sumaku vya mikoba, uwezo wa kuhimili sumaku una thamani kuliko sekunde mbili.

Hatua ya 4: Ukiinunua iliyokwisha kutumika

Kubali bei baada ya kipimo cha shinikizo, si kabla. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Mwenye kukataa amekujibu.

Angalia kingo za kasha. Saa iliyosuguliwa mara nyingi ili ing'ae hupoteza kona zake na pembe hukonda. Ubaya wake si sura tu: mahali mpira unapokalia nako kunaweza kuwa kumeliwa na kutu ya chumvi, vitundu vidogo ambavyo mpira mpya hauvizibi. Hilo huonekana mfuniko ukiwa umefunguliwa, kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe.

Kwa saa za zamani, chunguza rangi inayong'aa. Hadi miaka ya 1960 baadhi zilitumia rediamu, yenye mionzi ya hatari ikivutwa kama vumbi. Usiifungue wala kuikwangua mwenyewe. Baadaye ikaja tritiamu, ambayo huonyeshwa kwa herufi T ndogo sehemu ya chini ya uso wa saa. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache. Kwa hiyo saa inayodaiwa kuwa na uso wa asili wa mwaka 1970 ikiwa inawaka usiku kucha, kuna mtu aliyeipaka upya. Inaweza bado kuwa nzuri, ila bei yake si ile uliyotajiwa.

Saa bandia za leo si zile za zamani zenye maandishi ya ovyo. Nyingine hudanganya hata macho yaliyozoea. Vali ya heliamu ya kuchorwa tu, pete yenye mibofyo mizito isiyolingana, na namba ya mita za kina inayopingana na modeli yenyewe ni dalili, lakini uthibitisho ni mmoja: mfuniko ufunguliwe na fundi anayeijua mashine ile. Namba za kasha na karatasi huigizwa. Mashine ni ngumu zaidi kuigiza.

Hatua ya 5: Kuiamsha

Saa iliyolala usiitikise kama kopo la dawa. Fungua kichwa, kizungushe mbele mara 30 au 40 taratibu, na springi itakuwa na nguvu ya kutosha. Otomatiki haiwezi kuzidishiwa ufunguo kwa njia hiyo.

Tarehe ndiyo huvunja meno ya saa za watu. Katika mashine nyingi magurudumu ya kalenda huanza kushikana usiku, mishale inapoashiria kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, na ukibadilisha tarehe kwa haraka katika saa hizo unaweza kukata jino la gurudumu. Kwa usalama, peleka kwanza mshale wa saa chini, kwenye namba 6, badilisha tarehe, kisha songa mbele hadi wakati ulio sahihi. Maliza kwa kukaza kichwa. Kiguse tena kabla ya kuinuka.

Hatua ya 6: Majini

Kompyuta ndogo ya kuzamia sasa hupiga hesabu yote ya kina, muda na naitrojeni inayojikusanya mwilini. Izoee na uitegemee, pamoja na majedwali uliyofundishwa. Saa ya mashine ni shahidi wa pili, asiyehitaji chaji. Nimeona kompyuta ikizima dakika ya 18, na aliyekuwa na saa mkononi alijua alipo bila kubahatisha.

Kabla ya kuingia, hakikisha mshale wa sekunde unatembea na kichwa kimekazwa. Unapoanza kushuka, zungusha pete hadi pembetatu ya sifuri ielekeane na mshale wa dakika. Kuanzia hapo pete yenyewe ndiyo saa yako. Tuseme umeshuka mshale wa dakika ukiwa kwenye 20; ukiutazama baadaye uko kwenye 42, na mahali unapoelekea kwenye pete pamesomeka 22. Hizo ndizo dakika ulizokaa. Huna haja ya kutoa hesabu, na chini ya maji akili huwa nzito kuliko unavyodhani.

Kwa nini pete iende upande mmoja tu? Ikigongwa kwenye mtungi au mwambani na kusogea, itakuonyesha umekaa zaidi ya kweli, nawe utapanda mapema ukiwa bado na hewa. Ingeweza kwenda upande wa pili, ingekuficha dakika. Doxa walikwenda mbele zaidi mwaka 1967: SUB 300 yao, ile ya uso wa rangi ya machungwa, ilikuwa na mzunguko wa pili wa namba kwenye pete, unaoonyesha kwa kila kina ni dakika ngapi unaruhusiwa bila vituo vya kupunguza gesi mwilini.

Pete inaweza pia kuhesabu kwa kurudi nyuma. Iweke pembetatu kwenye dakika unayopaswa kuanza kupanda. Mshale ukiifikia, muda umekwisha. Amua mbinu moja na mwenzako aijue, maana kuchanganya mbili ni hatari kuliko kutokuwa na saa. Kwenye kituo cha usalama cha mita 5, yaani kule kusimama dakika tatu kabla ya kumaliza kupanda, usiguse pete. Hesabu mizunguko mitatu ya mshale wa sekunde, ili usifute kumbukumbu ya muda wote wa kuzama. Ukifika juu, ndipo urudishe pembetatu kwenye mshale na kuanza kuhesabu mapumziko.

Kichwa kisiguswe majini hata kidogo. Na usiruke na saa iliyopata joto la jua kali kuingia maji baridi ukiwa huna uhakika na mipira. Hewa ya ndani hunywea ghafla na kuvuta unyevu kupitia upenyo wowote ulio tayari.

Hatua ya 7: Baada ya maji

Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, siku hiyohiyo, kichwa kikiwa kimefungwa. Zungusha pete raundi mbili ndani ya maji hayo ili chumvi na mchanga vitoke chini yake. Pete nyingi zinazogoma zimegomea hapo. Mkanda wa chuma upigwe mswaki laini kwenye viungo. Kausha kwa kitambaa.

Bafu la moto, sauna na sabuni ni maadui wakubwa kuliko mita 40 za bahari. Joto hulegeza mipira, mvuke hupenya mahali ambapo maji hayapenyi, na sabuni huosha grisi ya silikoni inayoulainisha mpira. Watu huniambia saa yao inavumilia mita 300, sembuse bafu. Bafu halina shinikizo, ni kweli. Lina kila kitu kingine.

Hatua ya 8: Kupimwa na kuhudumiwa

Kama unazamia nayo, ipimwe shinikizo mara moja kila mwaka na mipira ya kichwa na mfuniko ibadilishwe kila ikifunguliwa. Fundi mzuri huanza na kipimo kikavu: saa huwekwa kwenye chemba ya hewa, na chombo hupima jinsi kasha linavyobonyea. Isipofaulu hapo, hakuna maji yaliyoingia na hakuna kilichoharibika. Baadaye ndipo huja kipimo cha maji chenyewe.

Huduma kamili ya mashine, yaani kufunguliwa, kuoshwa na kutiwa mafuta upya, hungoja zaidi: Omega hutaja miaka 5 hadi 8, Rolex takriban miaka 10. Usichanganye ratiba hizi mbili. Mtu husubiri miaka tisa kwa kuwa mashine inatembea vizuri, kumbe mlango uko wazi.

Niliwahi kufunguliwa mfuniko na fundi mmoja kwa kazi ya dakika tano, kurekebisha mwendo tu. Akaufunga kwa mpira uleule, uliokuwa umejikunja upande mmoja, na hakupima. Nilizamia nayo wiki mbili baadaye, mita 12 tu. Tangu siku hiyo siipokei saa iliyofunguliwa bila karatasi ya kipimo cha tarehe ileile.

Unaweza pia kuikagua mwenyewe nyumbani, kwa njia inayofanana na kipimo cha ukungu cha ISO. Vaa saa mpaka ipate joto la mwili, kisha weka tone la maji baridi sana katikati ya kioo kwa dakika moja na ulifute. Ukiona ukungu ndani, mahali tone lilipokuwa, kuna unyevu kashani. Usiende nayo majini.

Ikiingia maji

Ikiwa ni ukungu hafifu tu, usiipeleke juani wala kuizika kwenye mchele. Joto hugeuza unyevu kuwa mvuke na kuusambaza mpaka kwenye springi, na mchele hauvuti kitu kupitia kasha lililofungwa. Ivue na ipate fundi siku hiyo au kesho yake.

Ikiwa ni maji ya bahari yanayoonekana, huna kesho. Chumvi huanza kula chuma cha mashine ndani ya saa chache, kuanzia skrubu na vijiti vyembamba vya magurudumu. Fundi aifungue leo na kuiosha. Huenda uso na mishale vikaharibika hata hivyo, ila mashine itapona. Na kama uko safarini mbali na fundi yeyote, mpigie simu unayemwamini kabla hujajaribu lolote, ukiwa umevuta kichwa nje ili mishale isimame na magurudumu yasiendelee kusaga chumvi.